Viatu vya Punda wa Bibi

Mwezi uliopita nilitoka Geita kwenda nyumbani Kolandoto, na kitu cha kwanza nilichogusa ni mlango wa banda la kuku. Bawaba zake ni vipande vya tairi. Nilivijua papo hapo, mwenzangu, na sikuhisi chochote.

Vilikuwa viatu vya punda. Punda wa Bibi ndiye aliyetubebea maji, madumu ubavuni, mpaka kwato zake za mbele zilipopasuka na kuanza kuoza. Akawa anasimama kwa kubadilishabadilisha miguu, kama mtu aliyekanyaga makaa. Mfanyabiashara wa ngozi za punda alipita, akamtazama, akamwambia Babu, "Huyu hafiki hata kwenye lori, mzee wangu. Akianza kutembea, nipigie."

Bibi alikasirika, akaingia kazini. Alimkanyagisha punda kwenye majivu, akachukua kipimo cha ukwato kama fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi, anavyochukua mguu wa mteja. Akakata tairi, akatandika pamba ya shambani ndani, akafunga kwa kamba za tyubu. Viatu vya kwanza havikupitisha hewa, kwato zikazidi kunuka. Tukavivua, tukamwosha kwa maji ya chumvi, Bibi akatoboa matundu pembeni na kubadilisha pamba kila jioni. Kazi yangu ilikuwa kumshika masikio na kumwimbia. Harufu ile ya mpira na chumvi naikumbuka kuliko sura ya Babu.

"Ng'wanawane, mwanangu, vumilia," Bibi alimwambia punda, kama alivyokuwa akiniambia mimi akinitoa mwiba.

Akapona. Siku aliporudi kisimani bila kuchechemea, Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Babu alitazama, kisha akachukua simu.

Punda alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe. Yule mfanyabiashara alimvua viatu, akavitupa uani. "Nimenunua punda, siyo viatu." Bibi alisema, "Haya," akajitwika dumu, akaenda kisimani.

Asingemponya, tungebaki naye. Nililijua hilo nikiwa mtoto, na sikulia.

Siku hizi bomba liko uani, na njia nzima sikuona punda. Babu hayupo, Bibi hayupo. Niliwafungulia kuku, nikarudishia mlango. Kwenye zile bawaba bado yapo matundu aliyotoboa ili kwato zipate hewa.