Mwonjaji Anayeusubiri Moshi

Saa nne asubuhi. Katika chumba kisicho na pazia wala zulia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ameketi mbele ya bilauri tatu za buluu. Hakujipaka mafuta yenye manukato, na nguo zake zimefuliwa kwa maji matupu. Buluu ya bilauri huificha rangi ya kinywaji, ili jicho lisiifanye kazi ya pua.

Anainua ya kwanza na kuivuta harufu yake polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo. Anadondosha matone mawili ya maji, anarudia. Kisha anaonja, anakitafuna kile kinywaji kana kwamba ni chakula, anakitema ndooni.

Wenzake katika ghala hili, ambamo wiski hutolewa mapipani na kujazwa chupani, humwita Mama Pua. Kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na pipa lililopita bila idhini yake. Iliyompa heshima zaidi ni wiski ya moshi: ile ya kimea cha shayiri tupu, iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali na kuchomwa.

“Asiyeijua husema inanuka dawa ya kidonda,” anasema. “Mwache atulie nayo. Kwanza utasikia moshi, kama jiko lililozimwa kwa maji. Halafu chumvi. Mwisho, ukishatema, asali inaingia kimyakimya, kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.”

Hayo huyasema kwa kumbukumbu. Miezi kumi na minne iliyopita, homa kali ilimpokonya harufu zote. Nyingi zimerejea: limau, karafuu, ngozi ya viatu, hata jasho la watu. Moshi haujarejea.

Aliyegundua kwamba moshi umebaki nyuma ni mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na moja, anayeishi naye.

“Nilimkuta jikoni anasoma gazeti, sufuria inaungua pembeni yake,” bibi huyo anasimulia. “Nikamwambia, wewe, moshi wote huu huusikii? Akainua macho, akauona. Kuusikia, hakuusikia.”

Bibi hakuwahi kuipenda kazi hiyo. “Nilimsomesha ili aje kunusa pombe? Nikiulizwa mwanangu anafanya nini, nasema yuko kwenye vinywaji. Wanadhani soda.”

Mama Pua hakuficha. Kesho yake alimweleza meneja. Kanuni ya ghala humpa mwonjaji aliyepoteza harufu majaribio matatu, kwa siku anazozichagua mwenyewe. Katika bilauri tatu, moja huwa na wiski ya moshi. Akiitambua, hurudi kitini. Akikosa mara zote tatu, kiti hupewa mwingine. Kwa sasa anabandika lebo kwenye chupa, na posho ya uonjaji, iliyokuwa theluthi ya kipato chake, imesimamishwa.

Jaribio la kwanza alikosa. Leo ni la pili. Mtunza ghala, mwanamume mwenye mvi aliyeanza kazi hapa mwaka mmoja na yeye, ndiye aliyezileta bilauri na ndiye mwenye fomu.

“Ya katikati,” Mama Pua anasema.

Mtunza ghala anaipiga meza kwa kiganja. “Nilijua! Pua imerudi kwao, jamani! Ulitutisha bure, dada.” Anaandika: Amefaulu.

Mama Pua hacheki. “Likate hilo neno, kaka.”

“Nilikate kwa nini?”

“Hizi mbili umezibwaga kama vikombe vya chai. Hii umeitua kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelala. Hushiki hivyo isipokuwa ile ya moshi, ya miaka ishirini na mitano. Mkono wako ndio ulioniambia. Pua haikusikia kitu.”

“Lakini umepata. Nani atajua?”

“Pipa litajua.”

Mtunza ghala anaichukua tena kalamu. “Una roho ngumu, wewe,” anasema, sauti ikiwa imepungua. Anapiga mstari juu ya neno, anaandika jingine: Amekosa.

“Leo ningerudi kitini,” Mama Pua anaeleza baadaye, akizifuta bilauri. “Kisha ningepitisha pipa la moshi katika chupa zisizostahili moshi. Mtu angefungua chupa kwake, aone tumemdanganya. Jina langu lingekuwa pale, hata kama halikuandikwa.”

Limebaki jaribio moja. Ameomba kwamba siku hiyo bilauri ziwekwe yeye akiwa nje, mlango umefungwa. Hajapanga tarehe, wala hataipanga mpaka ausikie moshi, hata kwa mbali. Daktari amemwambia kwamba kwa wengine harufu hurudi na kwa wengine hairudi, wala hakumwahidi lolote.

Nyumbani, bibi aliomba kipande cha mboji kilichokuwa ghalani kama sampuli. Kila asubuhi, kabla ya chai, hukata kijipande chake kimoja, hukiwasha, hukipuliza mwali ufe, kisha husimama nyuma ya kiti cha binti yake. Moshi hupanda taratibu, ukapita juu ya mabega yao wote wawili.

“Je, sasa?” huuliza.

“Bado, mama.”

“Haya. Vuta tena.”