Elisaria Aliyekata Utepe wa Kompyuta

Elisaria, mume wa mpwa wangu Mektilda, hakuwa mpole. Msidanganywe na ile miwani. Pale Posta, kwenye shirika lililogawa sukari miaka ile ya foleni, yeye ndiye aliyeendesha kompyuta. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini nikieleza mtaelewa. Ndani ya kabati zilizunguka sahani za chuma, na mkono kama wa gramafoni ulitafuta jina la duka, kisha ukaruka mbali kutafuta hesabu ya sukari yake, ukarudi tena. Kabati lilitetemeka mpaka likasogea sakafuni kama mlevi. Vibali vya maduka kuchukulia sukari vilitoka kimojakimoja, kwa kubembelezwa.

Siku hiyo Kariakoo watu wa maduka walichoka kungoja. Mektilda, karani wa ghala la sukari, alikuwa mlangoni, nami kando yake. Jiwe likampasua paji la uso. Nikamsukumia ndani, akakomea mlango, wakaanza kuuvunja kwa gogo. Nikatimua mbio hadi Posta. Nikikimbia mimi, magari huomba njia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba ya nini? Mkeo anauawa! Watu wanataka vibali!"

Elisaria akamgeukia bosi wake, Theophil. Kulikuwa na kabati la pili, jipya, limefunikwa kitambaa cha kufuma na kufungwa utepe, likingoja mgeni rasmi alizindue.

"Majina yabaki huku, sukari iende kule. Kila mkono na kazi yake, mbio ziishe."

"Utepe haukatwi na karani, ndugu. Mgeni anakuja baada ya Saba Saba."

"Aje azindue jeneza la mke wangu?"

Theophil akaziba njia. Elisaria akampiga kichwa cha pua. Damu ikarukia kitambaa. Theophil akamkaba koo. Nikamng'oa, nikamlaza chini, nikamkalia, na siku hizo nilikuwa mzito kama gunia la chumvi. Akaniuma paja. Kovu ninalo, anayetaka kuliona alete kahawa.

Elisaria akakata utepe kwa meno, akahamishia sukari yote kule. Mtetemo ukatulia, vibali vikamiminika.

Tulipofika ghalani, mlango ulishikwa na bawaba moja tu. Elisaria akapanda juu ya pipa, vibali mkononi, akaita majina ya maduka. Ngumi zikashuka, kila mtu akitega sikio asipitwe.

Mektilda akatoka, uso umejaa damu, mkononi jiwe la mizani. Akamzaba mumewe kofi lililosikika Buguruni.

"Ulikuwa unangoja nife?"

Elisaria akavua shati, akamfunga kichwa, akaendelea kuita.