Mihogo ndani ya Hamamu

Naikumbuka vizuri Idi ile, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanitoka. Mjomba wetu wa Unguja alituita mimi na wadogo zangu wawili, Shabani na Tatu, tukatoka Kisarawe kwa lori, kisha tukapanda meli. Baba na mama walikuwa wamefariki miaka miwili nyuma. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu ili niwalee wale wawili, na ndugu kule nyumbani walikuwa wakinong'ona, "Mtoto atalea watoto?" Basi nikajiapiza kwamba wadogo zangu wasinione nimekwama hata siku moja.

Mjomba akatuelekeza kwenye jumba la kale la Sultani. Zilikuwa zimebaki nguzo, bustani na vyumba vichache. Tatu, miaka saba, hakuacha kitu bila kukiuliza. Nguzo hizi zilibeba nini? Nikamjibu. Sultani alikula nini asubuhi? Nikamjibu pia, Mungu anisamehe. Tukaingia chumba chenye kuba, juu matundu kama nyota, chini birika la mawe.

"Dada, hapa palikuwa pa nini?"

"Ghala," nikasema bila kupepesa macho. "Sultani aliweka mihogo yake."

Nyuma yetu mtu akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mzee mtunza bustani, ndoo ya maji mkononi. "Mihogo ndani ya hamamu! Binti, Sultani alikuwa akioga humu."

Shabani akajishika mbavu. "Dada, tukirudi nyumbani tukaoge ghalani!"

Aibu ikanipanda, nikamgeukia Tatu. "Wewe na maswali yako! Funga mdomo."

Akaufunga. Tulizunguka bustani nzima, asiulize hata jina la ua. Mwanangu, niliacha shule ili mtoto yule asome, na sasa nilikuwa nimemzima kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikarudi kwa yule mzee. "Shikamoo, babu. Mimi sijui lolote la jumba hili. Tufundishe."

"Marahaba. Hata mimi si yote ninayoyajua." Akampa Tatu ndoo, akamwambia amimine birikani. Maji yakazama kwenye tundu. Tukakimbia nje, tukayakuta yanatiririka kwenye mfereji ambao mzee aliusafisha kila wiki, mpaka chini ya mndimu.

Tatu akanitazama kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Babu, nani aliupanda?"

"Hilo silijui, mjukuu wangu," akasema, bila aibu hata kidogo. "Njoo kesho, twende tukamwulize mzee mwenzangu."

Na kesho yake tulikwenda, Tatu akiwa mbele.

Basi, mwanangu, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha mshike mkono mkaulize pamoja. Heshima yangu mbele ya wadogo zangu haikupungua siku ile, ilianza. Mungu akupe watoto wenye maswali mengi, na akupe ulimi mwepesi wa kusema, "Hilo silijui, twende."