Dikoda Iliyoshinda

Mimi ni fundi wa madishi ya runinga hapa Garsen, na katika kazi hii mdomo wangu ndio duka langu. Watu wa vijiji vya Hewani na Ngao hawaulizi dikoda imetoka wapi. Wanauliza, "Wewe umeipima?" Rafiki yangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tulikua pamoja, tukilima shamba moja kando ya mto, na aliponiletea dikoda mpya alizotaka kuziuza, sikumshuku.

Hata hivyo nilipima, maana sipendi kusifu kitu kwa hisani. Nilichukua moja aliyonipa na ile yangu ya zamani niliyoiamini. Dishi moja, waya mmoja, runinga moja. Nikawa naligeuza dishi kidogo kidogo ili mawimbi yafifie, nione ni ipi itashindwa kwanza. Yangu ikaanza kukwamakwama, uso wa msoma habari ukawa vipande vipande. Yake ikaendelea kuonyesha kama kawaida. Nikarudia, ikashinda tena.

"Fundi ni wewe, wengine wote wanabahatisha," rafiki yangu akasema, akaniachia ile dikoda iwe zawadi. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa nikaenda nacho hadi Ngao.

Wa kwanza kununua alikuwa shangazi yangu aliyenilea. Alikuwa ameuza mpunga wake.

"Ukisema nzuri, basi ni nzuri," akaniambia, wala hakuiangalia. Majirani wakamfuata.

Kisha yakaja manyunyu, mvua ya kulowesha vumbi tu, na picha zikapotea Ngao nzima. Kwangu Garsen zawadi yangu ilionyesha vizuri, kwa hiyo nikalaumu waya, nikalaumu miti, nikalaumu hata mikono yangu. Nilijitukana mwenyewe kabla ya kumshuku rafiki yangu, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwishowe nilichukua dikoda ya shangazi na ile zawadi, nikazifungua zote mbili. Kwa nje ni mapacha. Ndani ya zawadi mlikuwa na saketi ya dikoda nyingine kabisa, ya bei ghali, imebandikwa kwa gundi kwa sababu matundu ya skrubu hayakulingana.

Nilimpelekea rafiki yangu ile zawadi, nikaiweka mbele yake ikiwa wazi. Hata hakuona haya.

"Buda, si ulipima na macho yako? Mimi nilinyamaza. Wewe ndio uliwaambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Na bila wewe nani angenunua?"

Niliichukua ile dikoda, nikaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini huyu hata nguo tulikuwa tukiazimana. Sijamsalimu tangu siku hiyo, na tukikutana sokoni ni mimi ninayebadilisha njia, kana kwamba mwizi ni mimi.

Shangazi nilimpa ile zawadi, nikaifunga kwa mikono yangu. Inaonyesha hata mvua ikinyesha. Alinishukuru, akasema yamekwisha, nami nikamwamini.

Majuzi jamaa alinipigia simu kutoka Hola akaniambia mto umefurika huko na maji yanashuka kuja Ngao. Nikampigia shangazi papo hapo, nikamwambia ahamishe mpunga na mbuzi, apande mahali pa juu.

"Asante, mwanangu," akasema kwa upole. "Wacha kwanza niulize mtu mwingine."