Kurasa Tatu za Shukrani

Juzi, kwenye duka la fotokopi huku mtaani kwetu Shari, asistanti kijana wa chuo alimpa profesa wake mzee andiko la mradi wa kushindania feza ya utafiti ya serikali. Kurasa tatu za kwanza zilishukuru wakubwa, kuanzia waziri mpaka shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa.

"Swali yako iko wapi?"

"Iko ku ukurasa wa ine, Prof."

"Siku ile ulikuja kwangu, ulisema nini?"

"Nilitaka kujua juu ya nini mito ya kule Kilo haina tena samaki."

Mzee akachana zile kurasa tatu, polepole. "Anzia hapo."

Profesa wangu pia alikuwa anachana hivyo. Vita ikamupeleka mbali. Sasa kumetulia kidogo, lakini hajarudi. Tangu hapo hakuna anayenichania kitu, nanyi wasomaji wa safu hii yangu mnayaona matokeo kila juma.