Plamedi na Jina Lililotangulia

Dada yangu Plamedi alipofaulu mtihani wa serikali, mtaa wetu wa Ngaba ulimmwagia poda kichwani mpaka akafanana na andazi lililodondokea kwenye unga. Hata hajajifuta, Mjomba Makiese akafika na soda moja ya watu kumi na mmoja, akatangaza: "Sheria! Mwanangu anaenda kusoma sheria!"

Nani kakuuliza?

Lakini sisi Bakongo mtoto ni wa mjomba. Baba yetu yupo, mzima, anakula vizuri tu, ila mambo kama haya yakija anakaa pembeni anakuna kitambi. Mjomba asipokubali, huendi popote.

Plamedi anapiga gitaa. Siyo la kujitazama kwenye kioo. Sebene yake, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, ikianza, wazee wa baa wanasahau bia mezani. Alitaka chuo cha sanaa, shahada ya muziki, na usaili ulikuwa Jumatatu. Hata Tukanda, mkuu wa bendi anayoipigia, alimcheka.

"Usome muziki wa nini? Vidole vyako vina shahada tayari. Kasome uhasibu."

"Yaya Tukanda, kaka yangu mkubwa, wapiga tarumbeta wako wanasoma noti, mimi nawatolea macho kama mbuzi. Nataka niwaandikie mimi hizo noti."

Mama ndiye aliyepata dawa. Jumapili Mjomba anafungua nyumba yake mpya kule Lemba. Plamedi apige, arushe jina la Mjomba ndani ya wimbo, amsifu. "Hakuna mwanaume wa Kinshasa anayesikia jina lake kwenye wimbo akabaki na akili," alisema. Kweli tupu.

Jumapili tukashiba pondu ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, Plamedi akashika gitaa, mimi nikakaa kwenye ngoma. Sebene ikakolea. Mjomba akasimama, katunisha kifua, kafumba macho, anasubiri jina lake. Mara mdogo wake, Mjomba Ndongala, akaruka katikati, anakata kiuno mbele ya gitaa kama kalipwa. Plamedi, kwa raha zake, akapaza sauti: "Ndongala, baba wa mji!"

Nikaacha kupiga ngoma. Jina la mdogo kabla ya mkubwa, ndani ya nyumba ya mkubwa! Afadhali angemtemea mate kwenye sahani.

"Mjomba, nilikuwa nakuja kwako sasa hivi," Plamedi akasema.

"Unakuja kwangu kwa kupitia Ndongala?"

Ndongala anahema, anacheka. "Yaya, acha wivu. Mtoto kaona uzuri."

Damu ikanipanda. "Mjomba, huu ni wimbo, siyo msafara wa rais!"

Mama akanitwanga mgongoni na mwiko.

Mjomba akamnyooshea Plamedi kidole. "Huyu ndiye nimpeleke sheria? Hajui mkubwa nani nyumbani, atamjua jaji mahakamani? Aniaibishe mbele ya mahakimu? Nenda huko huko kwenye muziki wako, labda watakufundisha nani anatangulia!"

Plamedi akaweka gitaa chini, akapiga magoti. "Umesema mbele ya watu, Mjomba."

"Nimesema!"

Mama akapiga kigelegele haraka haraka kabla Mjomba hajabadili mawazo.

Jumatatu nilimbebea gitaa. Alipiga mbele ya walimu watatu waliokunja sura, akatoka jasho linamchuruzika, kapita. Karani, mama wa makamo, akamsukumia fomu.

"Shahada ipi? Wazazi wengi wanapenda ualimu wa muziki. Ukikosa jukwaa, darasa lipo."

Plamedi akaishika kalamu muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Najua alichokuwa anafikiria: Mjomba hamsalimii, Baba anakuna kitambi, na Tukanda mwenyewe analala kwa shemeji yake.

"Na mimi nikitaka jukwaa tu?"

"Weka alama pale, upigaji. Usipoitwa na bendi utakula nini, mwanangu?"

"Siku nyingine nitakula kidogo, Mama."

Akaweka alama. Kwenye nafasi ya chombo cha muziki akaandika gitaa, kwa herufi kubwa, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.