Maji Kwanza

Mama mzee wa nyumba ninayofanyia kazi hapa Jeddah hamruhusu mtu mwingine kuwasha samawari ya babu yake. Ni birika kubwa la shaba lenye bomba la makaa katikati, lililoletwa na mahujaji kutoka mji mdogo wa Urusi ambako, anasema, mitaa mizima iliishi kwa nyundo. Kila alasiri hupapasa mihuri ya mafundi kwa kidole gumba, kama anayewasalimu, kisha huniambia: "Maji kwanza, binti, halafu makaa. Pakikauka, lehemu inayoshika koki inayeyuka." Siku hizi hulirudia neno hilo mara mbili, mara tatu, nami humchungulia kutoka kwenye sinki nikiomba asisahau.

Jana koki ya samawari ilidondoka sakafuni, kavu. Madam, mwajiri wangu, akaja mbio. "Metrine, nani amewasha bila maji?" Msichana aliyenitangulia alirudishwa Kenya kwa sababu ya kuvunja sahani moja. Mama mzee alinitazama. Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni. Yake ilikuwa na vumbi jeusi la makaa, na polepole akaiingiza chini ya mtandio.